Kutoka kisu cha Qeysar mpaka machozi ya Nader
Umeuliza mbona wanaume kwenye muvi za Iran siku hizi wanaonekana wanyonge kuliko wa zamani. Mi naona kipimo cha uanaume ndo kimebadilika. Cheki muvi ya Qeysar ya 1969, mwigizaji Behrouz Vossoughi, ndo Qeysar mwenyewe, anarudi nyumbani anakuta dada yake alibakwa akajiua na kaka yake kauawa, basi anachukua silaha anawafuata wahusika mmoja mmoja, na hapo ndo mwanaume kamili. Vita na Iraq, 1980 mpaka 1988, ikaleta kwenye muvi shujaa wa kufa shahidi. Halafu njoo A Separation ya Asghar Farhadi, 2011, Nader anamuogesha baba yake mwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, analia palepale bafuni, ile sehemu iliniuma sana aisee, na bado huyohuyo Nader mkaidi hatari, anamsukuma dada wa kazi mlangoni na mbele ya hakimu anaficha ukweli. The Salesman ya 2016 ndo kiboko, Emad anamsaka aliyemshambulia mkewe wakati mke mwenyewe, Rana, hataki kabisa hicho kisasi, na anavyozidi kung'ang'ania ndo anazidi kumpoteza. Anza na Qeysar kwanza ndo uiangalie The Salesman.