Omba macho ya kuuona uweza ulio nao tayari

Nikikaa na mwamini aliyechoka, mara nyingi ombi lake huwa lile lile: "Niombee Mungu anipe nguvu." Ni ombi jema, nami humwombea. Tukimaliza kuomba, tunafungua pamoja Waefeso sura ya 1, maana hapo Paulo anawaombea waamini wenzake kwa namna ambayo wengi wetu hatujaizoea. Anaomba macho ya mioyo yao yatiwe nuru, wapate kujua "ubora wa ukuu wa uweza wake ndani yetu tuaminio jinsi ulivyo" (mst. 19). Hasemi wapewe uweza huo. Anawahesabu kuwa wanao, ila anataka waujue.

Waefeso walikuwa na sababu ya kuhitaji ombi la namna hiyo. Mji wao ulijulikana kwa hekalu la Artemi, mungu wa kike, na kwa mambo ya uganga. Matendo 19 inasimulia jinsi watu wengi waliotumia uganga walivyoleta vitabu vyao na kuviteketeza mbele ya watu wote, na thamani yake ilipohesabiwa ikafika vipande 50,000 vya fedha. Mtu aliyelelewa akiamini kwamba usiku una wenyewe haachi kushtuka kwa kuwa tu ameteketeza kitabu. Ndiyo maana Paulo anawaambia kwamba Kristo ameketi juu sana kuliko ufalme wote, na mamlaka, na nguvu, na usultani, na kila jina litajwalo. Naye anayaandika hayo akiwa mfungwa. Mwishoni mwa waraka anajiita mjumbe katika minyororo, na sijaona mahali katika waraka huo anapoomba minyororo ile ikatike. Anachoomba ni ujasiri wa kuinena Injili.

Uweza huo ni mkubwa kiasi gani? Paulo angeweza kutaja kuumbwa kwa mbingu, au Bahari ya Shamu kugawanyika. Anachagua kaburi. Ni ule uweza Mungu aliotenda katika Kristo alipomfufua katika wafu, akamweka mkono wake wa kuume. Kisha, katika sura ya 2, anatuingiza na sisi: tulikuwa wafu kwa sababu ya makosa yetu, Mungu akatuhuisha pamoja na Kristo. Maiti haisaidii kujifufua. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiona moyoni mwako hata kiu ndogo ya Mungu, usiipuuze. Haikuota yenyewe. Mkono uliofika kaburini kwa Yesu ndio uliofika kwako.

Mimi niliyajua mambo haya kwa kichwa muda mrefu kabla sijayaona kwa macho. Niliyaona mama yangu alipopata kiharusi. Tuliomba sana apone, kanisa likafunga na kuomba pamoja nasi, wala siachi hadi leo kuamini kwamba Mungu huponya. Mama hakusimama tena. Ilibidi ageuzwe kitandani usiku, alishwe, asafishwe, na kuna siku alikasirika na kulia kwa sababu maneno yalikataa kutoka. Nilijijua vizuri: mimi si mtu wa subira kwa maumbile. Lakini usiku baada ya usiku niliamka bila manung'uniko, na nilimpenda mama katika hali ile kuliko nilivyompenda alipokuwa mzima. Hiyo haikuwa tabia yangu. Siku moja nilikuwa nasoma Wakolosai nikafika 1:11, pale Paulo anapoomba waamini wawezeshwe kwa uwezo wote, kwa kadiri ya nguvu za utukufu wa Mungu. Nilitazamia baada ya maneno mazito hivyo ifuate ishara kubwa. Kinachofuata ni hiki: "mpate kuwa na saburi ya kila namna na uvumilivu pamoja na furaha." Niliketi na mstari ule kwa muda mrefu. Uweza niliokuwa nauomba ushuke kitandani kwa mama ulikuwa umeshafanya kazi kwa aliyekaa kando ya kitanda.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiupime uweza wa Mungu kwa muujiza peke yake. Omba uponyaji, omba mlango ufunguke, omba kwa imani yote. Lakini Bwana alimwambia Paulo, aliyeomba mara 3 mwiba uliomtesa mwilini utoke, kwamba uweza wake hutimilika katika udhaifu. Mwiba ulibaki, na uweza ulikuwepo. Ukipima kwa muujiza tu, utapita mbele ya kazi kubwa ya Mungu ukidhani hakufanya kitu.

Tena, jihadhari na yeyote anayekuuzia nguvu, kwa jina lolote atakaloipa na kwa chombo chochote atakachoitia. Simoni wa Samaria alitaka kuinunua kwa Petro, na Petro akamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Petro huyo huyo alimwambia kiwete mlangoni pa hekalu kwamba hana fedha wala dhahabu, kisha akamwinua bure. Inaniuma kuona wapendwa waliochoka wakitozwa kwa ajili ya kitu ambacho Baba yao amekwisha kuwapa.

La kufanya ni nini basi? Usome waraka wa Waefeso wote kwa mkupuo mmoja, ni sura 6 tu, kwa sauti ukiweza. Utaona jinsi maneno yale makubwa ya sura ya 1 yanavyoshuka hadi kwenye maisha ya kila siku: uvue uongo, jua lisichwe na uchungu wako bado haujakutoka, mwivi asiibe tena bali afanye kazi apate kumgawia mhitaji, mume ampende mkewe. Uweza uliofufua wafu unatafuta kutumika hapo. Kisha chukua lile ombi la 1:17–19, uliombe asubuhi ukitaja jina lako mwenyewe, na jina la mtu mmoja anayekusumbua. Na Mungu akikuonyesha la kutii, anza kulitii kabla hujajisikia kuwa na nguvu. Wana wa Israeli waliikuta Yordani imefurika, na maji yalisimama nyayo za makuhani zilipotiwa majini. Nimeona hivyo katika kusamehe zaidi ya mahali pengine popote: neno la msamaha linatamkwa kwa shida, na moyo unafuata baadaye.

Na kama bado unasema huoni chochote, waulize wanaoishi nawe. Waulize tangu umwamini Yesu ni nini kimebadilika katika unavyosema, unavyokasirika, unavyotumia fedha. Sikiliza jibu bila kujitetea, halafu piga magoti umshukuru Mungu kwa jambo lile moja ukilitaja kwa jina lake.