Filamu ninazozipenda ambazo hazikupigiwa vigelegele

Wiki iliyopita nilidokeza kwamba zipo filamu zetu zinazoshangiliwa ugenini wakati huku nyumbani hata majina yake hatuyajui. Mmeniletea maswali mengi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechukua matano.

Kaka, ukibanwa utaje moja tu, utataja ipi? (Msomaji, Morogoro)

*Maangamizi*, ya mwaka 2001, bila kupepesa macho. Waliiongoza Martin Mhando na Ron Mulvihill, na ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania Oscar. Itaje mtaani kwangu, watu watadhani unazungumzia gharika.

Asira, daktari wa magonjwa ya akili, Mmarekani mweusi, anakuja kufanya kazi katika hospitali huku kwetu. Wodini anamkuta Samehe, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Samehe anaigizwa na Amandina Lihamba, ambaye wengi mnamjua kama profesa wa sanaa za maonyesho, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi fikiria: mwalimu wa waigizaji kanyang'anywa sauti, kaachiwa shingo, mabega na macho. Nimeitazama mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta na mimi nimenyamaza, chai imepoa mezani.

Halafu yatazame majina. Mgonjwa ni Samehe. Bibi wa kale anayemtokea ni Maangamizi. Mswahili akiyasikia tu, ameshaanza kuhangaika moyoni. Mgeni anayesoma maandishi ya chini hilo linampita, na bado wageni ndio walioisifu kutuzidi. Inajikokota kidogo katikati, sikatai. Ivumilie.

Nilisoma Vuta N'kuvute sekondari. Filamu yake imeniudhi, imeruka mambo mengi mno. Unaitetea? (Msomaji, Unguja)

Naitetea, mdogo wangu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi uliisoma kalamu mkononi, ukiwinda dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ilikuwa imeshafeli kabla hujaiwasha.

Mimi naipendea hicho hicho inachokiruka. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin ameozwa mume aliyemzidi umri kwa mbali, Denge anapambana na mkoloni. Mwongozaji mwenye pupa angetujazia hotuba. Huyu anatuacha na kuta, vivuli na nyuso mbili zinazoogopa kusogeleana. Tamasha la filamu la Carthage, kule Tunisia, liliipa tuzo yake kuu, Tanit ya Dhahabu, mwaka uliofuata, 2022. Sisi tumebaki tunahesabu kurasa zilizorukwa.

Kumbe Neria ni filamu? Mimi najua wimbo tu. (Dada mmoja, Mbeya)

Ni filamu, dada yangu, ya Zimbabwe, mwaka 1993, ikaongozwa na Godwin Mawuru. Oliver Mtukudzi aliiimbia na akaigiza humohumo, na wimbo wake ukaja kuimeza filamu nzima. Ni haki kwa wimbo ule, lakini imeonewa.

Neria anafiwa na mume, shemeji anakuja kuchukua mali kwa jina la mila. Unaijua hadithi hiyo. Pengine imepita nyumba ya jirani yako. Ila angalia jinsi inavyosimuliwa. Mila yenyewe haitukanwi. Anayeanikwa juani ni mtu mmoja aliyeigeuza mila kuwa funguo ya kabati la marehemu. Zipo filamu nyingi za mafunzo zilizotengenezwa miaka ile ambazo leo hazitazamiki. Hii bado inauma.

Filamu zote nilizozipenda utotoni niliziona kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, zikiwa zimetafsiriwa. Nikizisifia, wenzangu wanacheka. (Msomaji, Mwanza)

Waache wacheke. Lufufu, mtafsiri wetu wa filamu za kigeni, alipokuwa akiisemea filamu, au DJ Afro kule Kenya, unakuwa na filamu mbili kwa kiingilio kimoja. Jambazi wa Hong Kong anapewa jina la kwetu, anadaiwa kodi ya nyumba, anakumbushwa kwamba mama yake alimkataza. Ipo moja ya kupigana niliyoipenda sana nikiwa darasa la tano. Ukubwani nikaipata katika lugha yake. Nilizima baada ya dakika ishirini, maana nusu ya vichekesho vilikuwa vya mtafsiri. Ninayotaka isifiwe ni ile ya kibandani, na sijui kama kuna aliyeihifadhi.

Kila filamu ninayoichagua, mke wangu analala. Nipe moja itakayomweka macho, na isiwe ya bunduki. (Msomaji, Nakuru)

Mpe shemeji *Supa Modo*, ya Likarion Wainaina, mwaka 2018. Ni ya huko huko kwenu Kenya, ilianza kuonyeshwa Berlin, na huenda majirani zako hawajaisikia. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama anamrudisha kijijini akae naye siku zilizobaki. Dada mtu anaona kukaa ndani kusubiri hakutoshi, anamwaminisha mdogo wake kwamba nguvu hizo anazo kweli, na polepole kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo.

Niliogopa kwamba tutalizwa kwa nguvu. Wapi! Nilicheka sana, tena kwa sauti, ndiyo maana sehemu ya mwisho ilinikuta sijajiandaa. Mtazame mama hasa: hakubaliani na mchezo huo, na ana sababu, wala filamu haimfanyi mbaya.

Ina kama saa moja na robo tu. Iwashe saa mbili usiku, msingoje saa nne, na kitambaa kiwe upande wako wa kochi.