Vidonge vya chai ya kijani na mafuta ya tumbo

Dada wa Kondele, umeuliza kama vidonge vya chai ya kijani vitakuondolea mafuta ya tumbo bila kubadilisha chakula. Havitaondoa, na nakusihi usivinunue.

Katekini, polifenoli zilizomo kwenye majani ya chai, huzuia kimeng'enya kinachovunja noradrenalini, homoni inayoziamuru seli za mafuta ziachilie akiba yake. Kafeini husaidia hapo hapo. Kwenye maabara, katekini pia hupunguza kasi ya lipasi, kimeng'enya kinachosaga mafuta ya chakula. Lakini kwa watu waliopimwa, uzito unaopungua ni kidogo mno. Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 au zaidi za katekini ya EGCG kwa siku, kutoka kwenye vidonge, zinaweza kudhuru ini.

Kunywa chai yenyewe, ya Nandi au Kericho, bila sukari. Ila usiitumie kuteremshia mboga kama managu au mrenda. Polifenoli hizo hizo hushika madini ya chuma ya mboga, na wewe umesema damu yako iko chini. Ukishakula, subiri kama saa moja hivi ndipo unywe chai. Mimi ningeanza kwa kupunguza sukari ya chai ya maziwa na mandazi ya asubuhi.