Re: Kaka ametimiza miaka 10, jina linafutika lenyewe? (California)

Jina la kaka yako halifutiki lenyewe kwenye orodha ya wahalifu wa ngono, ndugu. Hata aliye daraja la 1 (la chini kabisa, la kujiandikisha miaka 10) lazima apeleke ombi mahakamani chini ya kifungu cha 290.5 cha Sheria ya Adhabu ya California, na si kabla ya siku yake ya kuzaliwa inayofuata baada ya miaka 10 kuisha.

Kwanza apige hesabu upya. Muda huanza alipoachiliwa, si alipohukumiwa. Siku alizofungwa baadaye hazihesabiwi, na kama aliwahi kutiwa hatiani kwa kutojiandikisha, huongezwa mwaka 1, au 3 ikiwa lilikuwa kosa kubwa.

Ajaze fomu CR-415, aipeleke Mahakama Kuu ya kaunti anakojiandikisha, na uthibitisho wa usajili wa sasa. Nakala ziwafikie polisi na mwendesha mashtaka wa hapo. Kama alihukumiwa kaunti nyingine, na wa huko pia. Hao wa kaunti ya pili ndio husahaulika, ombi likakwama. Polisi wana siku 60 za kutoa taarifa, kisha mwendesha mashtaka ana 60 za kuomba kikao.

Akikataliwa, jaji humpangia kusubiri mwaka 1 hadi 5. Na jamani, asiache kujiandikisha kabla amri haijatoka!