Beta akae na nani? Maswali yenu na majibu

Tangu niandike juu ya beta, yule samaki wa mapambo mwenye mapezi marefu kama kanga inayopepea kambani, maswali mengi mnayoniletea ni ya namna moja: nimwekee nani? Nimechagua saba, mengine yakiwa yameulizwa na zaidi ya mtu mmoja.

Nina tangi la sentimita 30 kwa 20 kwa 20 na beta mmoja wa buluu. Namwonea huruma, anazunguka peke yake mchana kutwa. Nimwongezee samaki gani, wawili watatu hivi? (Msomaji wa Kisauni, Mombasa)

Zidisha urefu, upana na kimo, kisha gawanya kwa 1,000: tangi lako ni la lita 12. Ukishaweka mchanga na kuacha nafasi ya hewa juu, maji yenyewe hayazidi lita 10. Humo usiongeze samaki hata mmoja. Uchafu wa samaki hugeuka amonia, ambayo ni sumu kwao, na katika maji machache hivyo amonia hupanda upesi kuliko unavyoweza kubadilisha maji.

Halafu huo upweke unaomwonea huruma, beta hana. Kwao ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, vinamasi na mitaro ya maji yaliyotuama, yenye majani tele. Kule kila dume ana kipande chake, na dume mwenzake akikatiza hufukuzwa. Wathai humwita pla kat, yaani samaki anayeuma, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana anavumilia maji yenye oksijeni kidogo. Kwa uvumilivu huo wauzaji wanamtia kwenye kikombe, na wanunuzi wanaamini kikombe kinamtosha. Wewe umempa lita 10, umemtendea vyema. Anapozunguka analikagua eneo lake. Mwekee mmea wa majani mapana karibu na uso wa maji, utamkuta jioni amejilaza juu ya jani kama mtu aliye kwenye kitanda cha kamba.

Niliweka magapi watatu pamoja na beta wangu, lita 25. Siku mbili tu, mmoja amekufa na wawili mikia imechanika. Muuzaji aliniambia ni samaki wapole. (Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam)

Pole sana. Gapi ni mpole kweli, lakini tatizo ni mavazi yake. Gapi dume ana mkia mpana wenye rangi kali, na beta akiuona anaona beta mwenzake aliyevamia. Mtazame kwa karibu anapokasirika: vifuniko vya matamvua hufunguka pande zote mbili, ngozi nyeusi iliyo chini yake hutokeza kama ndevu, mapezi yote husimama, na mwili hutetemeka kidogo kabla ya kurukia. Mimi nami niliwahi kumweka gapi na beta, niliyaona hayo saa tatu usiku nikadhani watazoeana. Nilizima taa, nikalala. Asubuhi gapi wangu hakuwa na mkia kabisa, alikuwa akijisukuma kwa mapezi ya ubavuni. Hadi leo nikimkumbuka naumia, maana lilikuwa kosa langu.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni hii: asiwekwe na samaki mwenye mkia mrefu wala rangi za kung'aa, na asiwekwe na wale wanaodonoa mapezi ya wenzao, kama samaki waitwao barbu (kwa Kiingereza barb) wenye milia. Hao wa pili humgeuza beta mwenyewe kuwa mhanga. Magapi wako wawili watoe leo hii, wape maji safi, mikia itaota tena.

Je, samaki wa dhahabu? (Msomaji wa Nakuru)

Hapana. Wa dhahabu anataka maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22, beta anataka 25 hadi 27. Isitoshe wa dhahabu hukua mkubwa na huchafua maji mno. Na kwa baridi ya Nakuru, beta wako anahitaji hita.

Nataka konokono wa kula ukungu wa kijani kiooni. Mtaa wetu una mtaro umejaa konokono, naweza kuchukua huko? (Msomaji wa Mwanza)

Tafadhali usichukue. Konokono wa maji baridi wa kwetu, kwenye mitaro, mito na kando ya ziwa, wamo wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono vikaogelea majini na kupenya kwenye ngozi, na wewe ndiye utakayeingiza mkono tangini kila wiki. Hili silisemi kwa kukutisha. Ni ugonjwa uliopo, na kanda ya ziwa mnaujua.

Nunua konokono aina ya neriti kwa muuzaji anayewafuga. Ni mdogo, gamba lake gumu, na beta akimdonoa hujifungia ndani. Atataga mayai meupe kama mbegu za ufuta, yatang'ang'ania kwenye mawe, ila hayatakujazia tangi kwa sababu watoto wake hawakui bila maji yenye chumvi. Konokono tufaha, yule mkubwa mwenye pembe ndefu, mimi simpendekezi. Beta huzidhania pembe zile kuwa minyoo na kuzing'oa. Tena spishi moja ya jamii hiyo imeshaingia kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, ambako iliripotiwa mwaka 2020, na inakula miche ya wakulima. Konokono yeyote wa tangini, uwe umemchoka au amekufa, asitupwe mtaroni.

Tangi langu ni lita 60, lina filta na mimea mingi. Nasikia hapo inawezekana. Niwaweke kina nani? (Msomaji wa Mikocheni, Dar es Salaam)

Inawezekana, na swali lako limenifurahisha kwa sababu umeanza na tangi kabla ya samaki. Wanaofaa ni wale wanaoishi sehemu ya maji ambayo beta haishughulikii sana. Yeye hukaa juu. Katikati unaweza kuweka rasbora, wale wenye pembetatu nyeusi ubavuni, sita hadi wanane. Huwa wanatembea kwa kundi, na kundi likitimia hutulia, ila wakiwa wawili au watatu tu huhangaika na kumchokoza beta kwa wasiwasi wao. Nao wanatoka Kusini Mashariki mwa Asia kama beta, kwa hiyo maji hayawagombanishi.

Chini, wengi watakushauri koridorasi. Ni samaki wazuri, ila wanapenda maji yasiyozidi nyuzi 26, na maji ya Dar mwezi wa pili au wa tatu hufika 29 hata 30 bila hita. Mtu wa Arusha au Nairobi nitamwambia aweke sita, juu ya mchanga laini usiowakwaruza ndevu. Wewe jaribu kuhli, wembamba kama mkunga mdogo, wenye mistari ya kahawia na manjano. Joto wanalivumilia, mchana hujificha, usiku hutoka kutafuta chakula. Funika tangi vizuri, maana wanatoroka.

Waingize hao kwanza, wakae wiki mbili. Ndipo umlete beta, akute nyumba ina wenyewe. Siku hiyo hamisha mawe na mimea, zima taa, na ukae hapo saa nzima ukitazama. Kutunisha mashavu mara moja mbili ni kawaida. Akifukuza bila kuchoka, au mwenzake akijibana pembeni asile, mtoe beta hapo hapo. Ndiyo maana chombo cha pili, hata ndoo safi yenye mfuniko, kiwe tayari kabla hujaanza. Beta hawafanani tabia. Ninaye mmoja aliyekaa na rasbora miaka miwili kwa amani, na mwingine asiyevumilia hata konokono.

Kwetu mvua za masika zikinyesha, kwenye madimbwi huonekana samaki wadogo, dume ana mwili wa kijani-buluu na mkia mwekundu. Wanaweza kukaa na beta? (Msomaji wa Unguja)

Kwa maelezo yako hao ni Nothobranchius, na Unguja ina wake wa asili, Nothobranchius guentheri. Maisha yao ni ya ajabu: dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai hubaki kwenye tope kavu, mvua ikirudi yanaanguliwa. Kwa beta, mkia ule mwekundu ni ugomvi wa papo hapo. Nakuomba uwaache dimbwini mwao, kwa kuwa dimbwi moja likifukiwa, mayai yote yaliyomo yanakwenda nalo. Ila ukipita chini ya mti wa mkungu, okota majani makavu yaliyoanguka yenyewe, mbali na barabara. Yasuuze, weka moja kwa kila lita 20. Maji yatakuwa na rangi ya chai nyepesi, kama yalivyo kwao beta, naye atatulia.

Shikamoo. Nina miaka 13. Nina beta dume, baba ataninunulia jike. Wakae pamoja? (Msomaji wa Moshi)

Marahaba mwanangu. Wakae kila mmoja na tangi lake. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, jike hutaga, na mara tu baada ya hapo dume humfukuza ili alinde mayai peke yake. Kwenye vinamasi vya kwao jike angekimbia. Kwenye tangi dogo hana pa kwenda, na wengi hufa hivyo. Mwambie baba fedha ya tangi la pili itangulie ya jike. Matangi yakiwa jirani, weka kadibodi katikati. Ukitaka kuwaona wakitunishiana mashavu, iondoe dakika tano kwa siku, kisha irudishe.