Maswali ya Wasomaji: Programu Inapogoma Kuungana na Hifadhidata

SWALI: Wahariri, salaam. Nina programu ya Python inayosoma hifadhidata ya PostgreSQL. Kwenye kompyuta yenye seva inafanya kazi barabara, lakini nikiihamishia kompyuta ya pili, ndani ya mtandao uleule, napata ujumbe "Connection refused". Nimebadilisha nenosiri tena na tena, wapi!

JIBU: Liache nenosiri, ndugu yetu, halihusiki hapa. Ujumbe huo kwa kawaida una maana kwamba ombi lako limefika kwenye kompyuta fulani, ila hakuna kinachosikiliza kwenye poti (mlango wenye namba ambao programu hupokelea maombi) uliyogonga. Seva haijapata hata nafasi ya kukuuliza wewe ni nani.

Anza na programu yenyewe. Kama umeandika `host="localhost"`, basi kompyuta ya pili inajitafuta yenyewe. Weka anwani ya seva, tuseme 192.168.1.20, na poti 5432.

Kisha nenda kwenye seva. PostgreSQL ikishasakinishwa, kwa kawaida husikiliza maombi ya kompyuta yake tu. Ingia `psql`, programu ya kuiandikia PostgreSQL amri, andika `SHOW config_file;` upate mahali ilipo faili ya mipangilio, uifungue na kutafuta mstari wa `listen_addresses`. Ondoa alama ya # mwanzoni, uandike:

`listen_addresses = 'localhost, 192.168.1.20'`

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: wanaweka anwani ya kompyuta inayoomba. Inayotakiwa ni anwani ya seva yenyewe. Ukishahifadhi, zima seva na kuiwasha upya, maana kusoma upya mipangilio pekee hakutoshi kwa badiliko hili. Kwenye Linux, amri ya `ss -ltn` itakuonyesha kama umefaulu. Ukiona 127.0.0.1:5432 peke yake, bado. Ukiona na 192.168.1.20:5432, mlango uko wazi.

Jaribu tena. Huenda sasa ukaambiwa "no pg_hba.conf entry for host". Usikate tamaa, hiyo ni hatua mbele: seva imekusikia, ila hujaandikwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Kwenye faili ya `pg_hba.conf` ongeza mstari huu, wenye jina la hifadhidata, mtumiaji, anwani ya kompyuta inayoomba (/32 ni anwani hiyo moja tu), na njia ya kuhakiki nenosiri:

`host  kamusi  msomaji  192.168.1.35/32  scram-sha-256`

Seva husoma orodha hiyo kutoka juu kwenda chini na kuufuata mstari wa kwanza unaolingana na ombi. Mstari huo ukikukataa, haiendelei na unaofuata, kwa hiyo mpangilio ni muhimu. Safari hii `SELECT pg_reload_conf();` inatosha. Tunakusihi usiandike `0.0.0.0/0` pamoja na `trust` ili mambo yaishe haraka. Hapo utakuwa umemruhusu yeyote anayeweza kuifikia seva aingie bila nenosiri.

Na kama programu haipati jibu lolote, inangoja mpaka muda unaisha, shuku kinga ya mtandao (firewall) inayozuia poti 5432. Nenosiri ni la kuangaliwa pale tu utakapoona "password authentication failed".

SWALI: Programu yangu ya kamusi inatumia hifadhidata ya SQLite. Neno "mbuzi" linapatikana, "ng'ombe" linaleta kosa: near "ombe": syntax error. Naunganisha amri kwa alama ya kujumlisha.

JIBU: Kosa liko kwenye huko kujumlisha. Amri inayofika kwenye hifadhidata ni hii:

`SELECT maana FROM maneno WHERE neno = 'ng'ombe'`

Alama iliyo ndani ya neno imefunga maandishi baada ya "ng", na "ombe" imebaki nje bila maana. Kwa njia hiyohiyo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri zake kwenye kisanduku cha kutafutia na kusoma asichostahili. Tenganisha amri na thamani:

`cur.execute("SELECT maana FROM maneno WHERE neno = ?", (neno,))`

Alama ya kuuliza isizungushiwe nukuu. Ile koma baada ya `neno` nayo usiisahau: bila koma, Python hupeleka herufi moja moja, na utaambiwa umeleta vitu 7 panapotakiwa 1. Ukihamia PostgreSQL kwa kutumia psycopg, maktaba ya Python ya kuungana nayo, badala ya `?` andika `%s`. Majina ya majedwali na safu hayapitishwi kwa njia hii. Yalinganishe na orodha uliyoandika mwenyewe ndani ya programu.

Kuna jambo jingine linalowaudhi sana wanaoshughulika na maneno ya Kiswahili. Simu na programu za kuandikia hupenda kugeuza ' kuwa ’. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa hifadhidata ni herufi mbili tofauti, na neno litakosekana hali lipo. Tumia `neno.replace("’", "'")` kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

SWALI: Nikiingiza data naziona, nikifunga programu zinatoweka. Kwa nini?

JIBU: Hujaita `conn.commit()`, amri ya kuthibitisha mabadiliko. Python hufungua muamala (kundi la mabadiliko yanayosubiri kuthibitishwa) kimyakimya unapoingiza data, na muunganisho ukifungwa kabla ya kuuthibitisha, kila kitu hurudishwa nyuma.

SWALI: Baada ya saa kadhaa hifadhidata ya MySQL inasema "Too many connections". Niongeze kikomo?

JIBU: Kikomo cha kawaida ni miunganisho 151. Kukiongeza kunaahirisha tatizo tu. Andika `SHOW PROCESSLIST;` na ukikuta safu ndefu ya `Sleep`, programu yako inafungua bila kufunga. Funga muunganisho ndani ya `finally`, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea, au tumia dimbwi la miunganisho michache, 5 hadi 10, inayoazimwa na kurudishwa. Ukitumia dimbwi, kumbuka kwamba MySQL hukata muunganisho uliokaa kimya sekunde 28800, yaani saa 8, kwa hiyo liagize libadilishe miunganisho yake kabla ya muda huo.