Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inazimika Nikiweka Kadi ya Michoro

SWALI: Ndugu mtaalamu, nakusalimu. Ninahariri video za harusi kwa kompyuta ya mezani ya mtumba, ile ya kiofisi, yenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 290. Hivi karibuni nilinunua Kariakoo kadi ya michoro aina ya Radeon RX 580, nayo ni ya mtumba. Muuzaji alinipa adapta inayounganisha plagi mbili za SATA (zile za kupeleka umeme kwenye diski) ili kupata plagi ya pini 8 inayohitajiwa na kadi. Nikiwasha, feni zinazunguka kidogo tu, kisha kila kitu kinazimika. Nikiichomoa kadi, kompyuta inawaka vizuri. Jirani yangu anasema umeme wa mtaani kwetu ni mdogo, muuzaji anasema tatizo ni bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta. Nimwamini nani, na je, nirudishe kadi? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza kabisa chomoa hiyo adapta na usiitumie tena, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko kadi yenyewe. RX 580 imekadiriwa kutumia takriban wati 185. Sloti, yaani tundu ambamo kadi huchomekwa kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu, na zinazobaki hupitia plagi ya pini 8, ambayo kadi huitegemea ikijua kwamba inaweza kubeba hadi wati 150. Plagi moja ya SATA imetengenezwa kupitisha ampea 4.5 katika volti 12, yaani wati 54. Mbili zikijumlishwa ni 108, tena hapo ni iwapo kila moja ina waya wake, ilhali katika kompyuta nyingi za kiofisi zote mbili huning'inia kwenye waya mmoja mwembamba. Plagi za namna hiyo huchemka, plastiki ikayeyuka, na wakati mwingine moto ukaanzia hapo hapo. Muuzaji anayekukabidhi adapta kama hiyo bila kukuuliza pawa saplai yako ni ya wati ngapi hajakutendea haki.

Kuhusu bayosi, dalili ulizoeleza hazikubaliani na maelezo yake. Bayosi ya zamani isiyoitambua kadi kwa kawaida hukuachia skrini nyeusi huku feni zikiendelea kuzunguka, wakati mashine inayokata umeme mara tu inapowashwa inaonyesha kwamba pawa saplai imejikinga baada ya kuona mkondo umepita kiasi. Jambo hilo huletwa na mojawapo ya mambo mawili: ama pawa saplai imezidiwa na kadi, ama kadi ina shoti ndani yake, na kwa kutazama tu hakuna fundi atakayekutenganishia hayo mawili.

Jirani naye tumwache kando kwa sasa, kwani umeme huo huo unaiendesha kompyuta vizuri kadi ikiwa nje. Ila kama nyuma ya pawa saplai yako kuna swichi ya kuchagua 115 au 230, usikubali mtu yeyote aisogeze kwenye 115 kwa kudhani anakusaidia. Kwa umeme wetu wa volti 230, pawa saplai itaungua papo hapo.

Kabla waranti haijaisha, ipeleke kadi dukani na uombe ipimwe mbele yako katika mashine yenye pawa saplai ya kuaminika ya wati 500, iliyo na plagi yake halisi ya pini 8. Wasitosheke kuona picha tu: waifanyishe kazi nzito kwa robo saa. Ikizimika au ikitoa mistari kwenye skrini, dai fedha zako.

Ikifaulu, bado mimi ningeibadilisha kadi hiyo kwa nyingine, badala ya kutafuta pawa saplai kubwa zaidi. Kompyuta nyingi za kiofisi zina pawa saplai ya umbo lake na plagi yake ya ubao mama, kwa hiyo ile ya kawaida ya madukani huenda isiingie bila waya wa kubadilishia. Kadi ya GTX 1050 Ti isiyo na plagi ya ziada hujitosheleza kwa wati 75 za sloti, na kwa video za H.264 na HEVC (mifumo ya kubana video) itakupunguzia kazi kwa kiasi cha kutosha. Pima kwanza nafasi ndani ya kasha, maana kasha jembamba huhitaji kadi fupi.

SWALI: Kompyuta yangu haizimiki, lakini tangu niweke kadi ya michoro skrini ni nyeusi. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Tazama kebo ya skrini imechomekwa wapi. Kadi ikishawekwa, ubao mama mwingi huzima tundu lake wenyewe la picha, hivyo kebo inapaswa kuhamia kwenye kadi. Ikiwa tayari iko huko, zima mashine, chomoa waya wa umeme, itoe kadi na usugue pini zake za dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, kwa kuwa unyevu wa Pwani huzifubaza. Kisha irudishe hadi kilimi cha sloti kilie. Isipowaka bado, toa betri ya CR2032 (ile bapa ya duara) kwenye ubao mama kwa dakika chache ili mipangilio ya bayosi irudi ya mwanzo, na uirudishe kabla ya kuwasha.